Kengele ya Watasema

Ko-ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko-ko. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, hapa hapa Kindu, sauti hiyo iliniamsha usiku mmoja wa mvua, na mpaka leo nikiisikia, hata kama ni mtu tu anagonga mwiko kwenye sufuria, mkono wangu unakwenda wenyewe kifuani kwa mwanangu kumpapasa kama anapumua. Ilikuwa kengele ya mti ya mbwa wetu. Mbwa wa kwetu hawabweki, wanawinda kimya kabisa, kwa hiyo mwindaji humfunga mbwa wake kengele ya mti shingoni ili ajue amepita wapi porini, na wakirudi humvua. Ya kwetu ilitundikwa kwenye msumari, kwenye nguzo ya jiko la nje, na pale hukaa haina neno mpaka Jumapili nyingine. Sasa usiku ule hakuna aliyekwenda kuwinda, Baba ninamsikia anakoroma, mvua inanyesha, na kengele inalia.

Nyanya, mama yake Baba, alikuwa amekuja kwetu kutoka ng'ambo ya mto na tulilala mkeka mmoja. Aliniziba mdomo kabla sijasema kitu.

"Unasikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kengele ya mbwa ikilia nyumbani usiku, mutu wa nyumba ile njo anawindwa. Lala. Usitoke."

Lala! Nililala wapi mimi? Nilikaa nikihesabu watu wa nyumba yetu, nikitafuta ni nani. Baba. Nyanya. Mimi. Na Zaina, mke mpya wa Baba. Nilihesabu hivyo mpaka king'ora cha reli kikalia asubuhi, na kila nikihesabu nilimwacha Zaina wa mwisho, na sijui kwa nini.

Majina ya watu humu nimeyageuza yote, sababu mtaiona mwishoni. La mbwa nimeliacha, yeye hawezi tena kuaibika. Aliitwa Watasema. Kwetu mtu akiwa na neno la kuwaambia majirani na hataki ugomvi, humpa mbwa jina la neno lile, kisha kila jioni humwita kwa sauti kubwa mtaa mzima usikie. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka sita, na Baba hakukaa mwaka akaoa tena, na majirani wakaanza, basi Baba akanunua mbwa. "Watasema! Njoo, Watasema!" Majirani walijua wanaitwa wao.

Huyo Zaina alikuwa mdogo, nadhani hakunizidi miaka kumi na miwili. Alilelewa Kasongo na shangazi yake Mwislamu, na ingawa alikubali kuolewa na Baba ambaye hakuwa Mwislamu wala mtu wa misheni, mambo ya kwa shangazi hayakumtoka. Mbwa hakumgusa. Mfupa alimrushia kwa mbali. Pua ya Watasema ikigusa kitambaa chake, anakivua anakwenda kukifua saa hiyo hiyo, hata kama maji ni ya mwisho kwenye mtungi. Nyanya aliyaona hayo akayaweka tu moyoni. Lakini mimi Zaina alinipenda, hilo nilijua hata wakati ule. Alinisuka nywele taratibu bila kunivuta. Aliniita "mama", kama wanavyoita watoto wa kike wanaowaheshimu.

Na alininywesha maziwa. Sasa hapa msikilize vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa miaka kumi na miwili kusikiliza.

Nilikuwa nimetoka kuugua surua, nimekonda mpaka shingo inaonekana ndefu. Sista wa dispensari akaandika karatasi, na kila Jumatatu Zaina alikwenda kupanga mstari kule, jua linampiga, anarudi na mfuko wa maziwa ya unga. Kila asubuhi aliyakoroga na maji ya vuguvugu katika kopo la bati la buluu lililobanduka rangi mdomoni.

"Kunywa yote, mama. Ninataka kuona chini ya kopo."

Jamani, maziwa yale! Yalinuka chaki na manyoya ya kuku aliyelowa. Nilikuwa nikimwambia nakwenda kunywea nje penye upepo, nazunguka nyuma ya jiko, na pale Watasema ananingoja mkia unapiga chini. Ulimi mara nne tano, kopo jeupe limekuwa la buluu. Ninarudi, ninamwonyesha Zaina chini ya kopo. "Mtoto mzuri," anasema. Kila asubuhi. Na Baba alikuwa ameapa kwamba nikimwaga maziwa yale hata tone, kwa vile mkewe anavyosimama juani kuyapata, fimbo ya mwanzi itanikumbusha.

Mbwa akaanza kujikuna. Kwanza masikio, halafu kwapa, halafu katikati ya vidole, anavitafuna vidole vyake kama vya mtu mwingine. Tumbo likawa jekundu, nywele zikatoka mafungu mafungu, na usiku akawa anajisugua kwenye nguzo ya jiko kwa nguvu zake zote. Usiku wa tatu nilichungulia kwenye ufa wa mlango, na nikamwona: Watasema anasugua mgongo, nguzo inatikisika, kengele juu ya msumari ko-ko-ko. Nilicheka kwa furaha! Nikamrukia Nyanya mkekani.

"Nyanya, si mizimu! Ni Watasema anajikuna kwenye nguzo, njo kengele inalia!"

Nyanya akakaa.

"Na nani anamukunisha?"

Furaha yangu ikaishia hapo.

Baba hakutaka maneno ya Nyanya mwanzoni. Wiki nzima alifanya kazi kwenye karakana ya reli, lakini heshima yake ilikuwa Jumapili, akirudi na nyama begani na kugawa mtaani, na bila Watasema hakuna nyama wala heshima. Kwa hiyo alijaribu kila alichoambiwa. Rafiki zake wa karakana walimletea mafuta machafu ya injini, wakachanganya na kiberiti cha unga, wakampaka mbwa mwili mzima, na mbwa alilia, yeye asiyebweka, alilia kama mtoto. Ngozi ikavimba. Wakajaribu maji ya tumbaku, akatapika siku mbili. Wakajaribu majivu. Mwisho alinuka mpaka majirani waliziba pua wakipita, na sasa ndiyo walisema kweli kweli.

Ndipo Baba akampeleka kwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu mweusi mwenzetu aliyevaa kaputula ya kaki, aliyekuwa akikagua nyama machinjioni. Nilifuatana nao, na nakumbuka alivyokasirika.

"Bwana, mafuta ya injini njo ya injini. Huyu iko na ngozi."

Alimwosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, akamsuuza mara tatu, akamkausha, akafunua masikio, akatazama katikati ya vidole. Akasema haoni viroboto, na kama ungekuwa upele wa kuambukiza nasi wenye kumshika tungekuwa tunajikuna.

"Mwili wake unakataa kitu. Kitu anachokula, ao anacholalia, ao anachokanyaga. Sijui kipi. Utakitafuta wewe."

Akamweleza namna. Choma gunia analolalia, mpe majani makavu ya mgomba na uyabadili. Akitoka porini mwoshe miguu kwa maji matupu. Usimwogeshe kila siku, ngozi itakauka. Palipopasuka paka mafuta ya kokwa za ngazi, yaani za mchikichi, kidogo sana. Mfunge kitambaa miguuni usiku asijitoboe kwa kucha. Halafu ondoa kitu kimoja tu, ungoje mwezi mzima. Akipona, kirudishe. Akianza tena kujikuna, umekipata. "Usiondoe vitu viwili pamoja, utapotea njia."

Nimesoma mpaka sekondari kwa masista, na sijawahi kufundishwa jambo kwa akili safi kuliko ile. Alipokuwa akinawa mikono akauliza, "Anakula nini?"

"Anakula tunachokula," Baba akajibu. "Ugali wa muhogo, mifupa, matumbo ya nyama."

Yule mtu akanigeukia mimi, akainama. "Na wewe, kadada? Humupe kitu kidogo?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Ilikuwa ndogo tu, hapana ile. Hata sauti sikutoa.

Baba alifuata maagizo kama sheria. Alichoma gunia, tukangoja, mbwa akajikuna. Aliondoa mifupa, akangoja mwezi, mbwa akajikuna. Akaondoa matumbo. Hakuna. Basi Nyanya akasema nipeni mimi, akampakia mtumbwini akavuka naye kwake, na mwezi ule maziwa yangu nikayamwaga kwenye majani nyuma ya jiko. Baada ya mwezi Baba alivuka kwenda kumtazama na akarudi na habari kwamba nywele zimeota, tumbo jeupe, anakimbia! Tukamrudisha nyumbani tukiimba. Siku ya nane usiku: ko-ko-ko.

"Kwangu amekula mifupa ileile," Nyanya akasema, akihesabu kwa vidole mbele ya Baba, Zaina akiwa anapepeta mchele hatua chache tu kutoka pale. "Matumbo yaleyale. Amelala kwenye majani yaleyale. Kitu moja tu njo hakipo kwangu."

Hakusema kipi. Akageuza shingo, akamtazama Zaina anavyopepeta.

Mwezi uliofuata shangazi yake Zaina akafa Kasongo, na Zaina akaenda kwenye kilio, akakaa huko wiki sita. Hakuna aliyepanga mstari dispensari, hakuna aliyekoroga maziwa, mimi nilifurahi mno kunywa chai yangu ya sukari asubuhi. Na Watasema akapona. Akapona kabisa! Baba aliwinda Jumapili tatu mfululizo. Zaina akarudi, uso umekonda kwa kulia, na Jumatatu ya kwanza akaenda kupanga mstari kwa ajili yangu. Siku ya tisa kengele ikalia.

Mnaona? Kiliondolewa kimoja, mbwa akapona. Kikarudishwa, mbwa akaugua. Baba hakukosea hata hatua moja ya yule bwana wa kaputula, ila alipomaliza kuondoa vyakula aliendelea na watu, kwa sababu kwetu ni nani asiyejua kwamba mtu naye anaweza kuwa ni kitu kinachowasha? Na mimi, niseme ukweli, mimi mwenyewe niliamini. Nilianza kumtazama Zaina vidole vyake anaponisuka. Nilihisi kichwa kinaniwasha. Kweli kilikuwa kinawasha! Nilikuwa najikuna darasani, nafikiri, ananiwinda na mimi.

Siku ya kumi Nyanya alilikuta lile kopo la buluu nyuma ya jiko. Nilikuwa nimelisahau pale asubuhi, king'ora cha reli kililia nikakimbia shule. Ndani mlikuwa na utando mweupe uliokauka. Mweupe kama pemba, ule udongo wa matambiko.

Niliporudi mchana nilikuta wote watatu wamekaa uani, Baba ameitwa kutoka karakana, kopo liko chini katikati yao.

"Hii nyeupe njo nini?" Nyanya alikuwa anauliza.

"Ni maziwa ya mutoto," Zaina akasema.

"Maziwa ya muzungu! Kwa mbwa! Wewe hata mfupa unamurushia kama mawe, leo unamupa maziwa ndani ya kopo?"

"Si mimi niliyempa. Muulizeni mutoto."

Wakanigeukia. Baba alikuwa na ule mwanzi mkononi, sasa najua alikuwa ameushika tu kama mtu anavyoshika kitu akiwa na mawazo, lakini mimi niliuona mwanzi, sikuona kingine. Zaina alikuwa na mimba ya miezi minne, tayari tumbo linaonekana. Aliniangalia bila wasiwasi wowote, jamani, kama mtu aliyekwishaokoka.

"Mimi ninakunywa yangu yote," nikasema. "Ile ya mbwa, mama mudogo njo anapeleka."

Hakulia. Hakunitukana. Alinitazama tu, muda mrefu, na macho yake yakashuka mpaka mdomoni kwangu yakabaki pale. Halafu akasema, "Haya." Akanyanyuka kwa kujishika kiuno, akaingia kufunga vitu vyake.

Asubuhi ulikuwepo mtumbwi unaoteremka Lokandu, kwa kaka zake. Baba alimbebea kifurushi mpaka maji, hakuweza kumtazama. Na kabla hajashuka, Zaina, yule asiyegusa mbwa, aliinama akaweka kiganja juu ya kichwa cha Watasema aliyetufuata, akakiacha pale kama vile anatafuta kitu.

"Umeona?" Nyanya akanong'ona sikioni kwangu. "Anamuaga mwenzake."

Ndivyo ilivyo, mtu akishashukiwa hata huruma yake inawekwa upande wa mashitaka.

Maziwa yaliyobaki kwenye mfuko yaliingia wadudu, Baba akayamwaga. Watasema akapona, nywele zikang'aa, akawinda miaka sita mingine, akafa kwa uzee. Nyanya aliwaambia watu mpaka anakufa: nilisema, kengele ililia, mtu wa nyumba alikuwa anawindwa, tukamwondoa mwindaji. Baba hakuoa tena. Habari zikaja kwamba Zaina amezaa mtoto wa kike kule, Baba akatuma kitambaa na sabuni, hakwenda. Na mimi uwongo wangu niliuona mdogo, niliufikiria kama uwongo wa kopo tu. Kwamba ni nani aliyempa mbwa maziwa, nilidanganya. Kwamba Zaina ana mkono mbaya, hilo niliona ni kweli, si tumelipima?

Sasa mwaka huu.

Nina mtoto wa kiume wa miezi saba, wa kwanza. Nilipata homa, maziwa yangu yakapungua, dispensari wakanipa ya unga. Baada ya siku chache mashavu yakawa mekundu, mikunjo ya viwiko na ya magoti ikatoa maji, akawa anajisugua uso kwenye bega langu analia. Tunamlaza kwenye kisanduku cha mbao alichokichonga mume wangu, na usiku mmoja nikaamka: ko-ko-ko. Ni kisigino chake, anajikuna mguu kwa mguu, kisigino kinagonga ubao. Nilimnyakua nikakaa naye macho mpaka kunakucha, nikisikiliza mlango, nikisikiliza paa, nimesoma na kila kitu lakini nilikuwa nahesabu watu wa nyumba. Mume wangu. Mama mkwe. Mimi. Na Safi, binti yatima wa ukoo wa mume wangu, wa miaka kumi na mitano, anayenisaidia kumbeba.

Asubuhi mama mkwe akageuza mashavu ya mtoto kwenye mwanga, akauliza, "Nani anamushika sana huyu mutoto?" na kabla sijajibu akaongeza polepole, akimtazama Safi anayefagia, "Tumurudishe kwao Pangi kwanza. Tuone."

Nilikuwa nimeshika kijiko, nakoroga maziwa. Tuone. Neno lile, na ile harufu kwenye vidole vyangu, chaki na manyoya ya kuku aliyelowa, vikanijia pamoja, na mikono yangu ikaacha kijiko. Nilimwona Watasema. Niliona ulimi wake. Kila asubuhi, kila asubuhi ya siku alizojikuna, na kila siku aliyopona maziwa hayakuwepo: kwa Nyanya hayakuwepo, wakati wa kilio cha Kasongo hayakuwepo.

"Safi haendi popote," nikasema.

Nilifanya kama alivyosema yule bwana. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyonukia, vitambaa vilivyochemshwa, soksi mikononi usiku. Kisha nikaondoa kitu kimoja. Nilimnyonyesha mchana na usiku kwa nguvu mpaka maziwa yakarudi, na uji mwembamba wa mchele. Mashavu yakakauka, wiki ya tatu yakawa laini kama alivyozaliwa. Halafu, Mungu anisamehe, ilibidi nijue, nikampa kijiko kimoja cha yale maziwa kwa mkono wangu. Jioni alikuwa mwekundu tena. Nilimwambia mama mkwe yote, mpaka ya Watasema. "Maziwa ya wazungu yamudhuru mutoto?" akasema, na hakuamini vizuri, lakini habari ya Pangi aliiacha, na hayo yalinitosha.

Safari ya Lokandu niliifanya na mtoto mgongoni. Njia nzima nilikuwa nikiyatazama maji na kuwaza kwamba Nyanya hakukosea. Kengele ililia, na kweli mtu wa nyumba yetu aliwindwa, wiki kwa wiki, kwa subira, kila njia ikizibwa. Ila mwindaji tulikuwa sisi. Na aliyeonyesha windo lilipo, kimya kimya, alikuwa mimi.

Nilimkuta uani kwake anageuza samaki juu ya chanja cha moshi. Alinenepa, mvi mbili tatu tayari. Binti mmoja alikuwa ameketi anamenya muhogo, ana paji la uso la Baba, lile lile. Zaina akamtuma maji mtoni. Nikapiga goti kumsalimia, na yale maneno niliyoyapanga njia nzima yakapotea.

"Mama mudogo, maziwa yale, nilikuwa ninampa mbwa mimi."

Akageuza samaki mwingine. "Ninajua."

"Tangu lini?"

"Siku ile. Nilitazama mudomo yako. Mutoto anayekunywa maziwa anabaki na ndevu nyeupe asubuhi, na wewe miezi yote sikuona hata siku moja. Nikakumbuka palepale."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema ni maziwa. Hawakuwa wanauliza kopo, walikuwa wananiuliza mimi." Akapuliza moto. "Na baba yako iko na fimbo. Nikafikiri, atasema kesho. Watoto wanasema kesho. Mitumbwi ilikuwa inashuka, ninakwenda kuitazama kama imeleta neno."

Nilikuwa ninalia kwa sauti, mtoto akaanza kulia naye. Ndipo nikamwambia la pili, lile lililonileta: kwamba si kopo tu, kwamba maziwa yenyewe ndiyo yaliyomwasha mbwa, kwamba nimeyapima kwa mwanangu, kimoja kimoja, na hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Zaina akaacha samaki.

"Sema tena."

Nikasema tena.

Alikaa juu ya kigoda taratibu sana. Akavigeuza viganja vyake juu, akavitazama.

"Hilo sikujua," akasema. "Mimi pia nilipima. Nikienda anapona, nikirudi anaumwa. Nikajiambia, labda kweli iko kitu ndani ya mikono hii na mimi mwenyewe sijui. Siku ile ufukweni nilimushika kichwa nione kama kitatoka. Huyu binti yangu alipozaliwa, siku saba sikumugusa uso. Mutoto wa mutu mwingine sijamubeba mpaka leo."

Miaka kumi na miwili. Nilifungua kitambaa mgongoni, nikamtoa mwanangu, nikamweka mapajani mwake. Aliinua mikono juu kama mtu aliyeambiwa asiguse. Mtoto akamtazama, akaacha kulia. Basi Zaina akashusha mkono mmoja, akauweka kwenye shavu lile laini, akangoja. Tulingoja wote wawili. Moshi ukaingia machoni, hatukusogea. Shavu lilibaki kama lilivyo.

Binti alisikika anarudi na ndoo, anaimba. Zaina akanishika mkono haraka.

"Baba yako anajua?"

"Bado."

"Umwambie. Yeye. Ajue akiwa angali mzima, na akitaka kuja, aje na miguu yake. Lakini huyu wangu ninamwambiaga baba yake alituleta huku kwa sababu ya homa ya mji, na anamusifu kwa wenzake. Asisikie kwamba tulitupwa kwa sababu ya mbwa. Mutu mwingine usimwambie. Niahidi."

Nikamwahidi. Baba peke yake, na baada ya Baba, hakuna mtu.